Siku Niliyomkata Mutheu

Kila ninaponusa nyasi zilizotoka kufyekwa, naikumbuka siku ile. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa darasa la saba katika shule iliyokuwa kando ya barabara ya Garissa, karibu na Kithimani. Mvua za Novemba zilikuwa zimeotesha nyasi hadi magotini, na Ijumaa moja alasiri sisi wanafunzi wakubwa tukapewa mafyekeo. Mutheu, niliyeketi naye dawati moja, alikuwa mbele yangu kidogo akinihadithia harusi ya dadake. Nilicheka, nikazungusha fyekeo bila kutazama, likadunda kwenye jiwe na kumpata kwenye kigimbi. Kwanza hakulia. Alitazama tu soksi yake ikibadilika rangi, kisha akaita, “Mwaitu!” kana kwamba mama yake alikuwa karibu.

Mwalimu Kioko, aliyekuwa wa zamu, alikimbilia sanduku la huduma ya kwanza, lakini lilikuwa limefungiwa kabatini ofisini na mwalimu mkuu alikuwa ameenda mkutanoni Machakos mjini na ufunguo. Kioko alipovunja kabati, ndani ya sanduku mlikuwa na pamba iliyoliwa na panya na chupa tupu ya spiriti. Huku nje watoto walikuwa wakipiga kelele. Mmoja alikuja na konzi ya udongo aumwage kwenye jeraha. “Udongo wa nini? Mnataka kumuua?” alifoka Mama Zaituni, mpishi wetu, Mwislamu wa mjini aliyekuwa ametoka jikoni mbio. Alimlaza Mutheu, akauinua mguu, akaukunja mtandio wake na kuubana juu ya jeraha. Kisha akanishika mikono na kuiweka juu ya mtandio. “Kandamiza hapa. Usiachilie hata akilia.”

Nilikandamiza. Damu ilikuwa moto vidoleni mwangu. Mwalimu Kioko alisimama katikati ya barabara mpaka pikapu ya nyanya ikasimama, tukapandishwa juu ya makreti. “Niko na baridi,” Mutheu alininong’oneza, midomo imempauka. Nikamwambia amalizie ile hadithi ya harusi. Alianza, akanyamaza, nami nikakandamiza zaidi nikilia.

Kwenye zahanati muuguzi alichungulia chini ya mtandio, akauliza ni nani aliyembana hivyo. “Mngemwacha dakika chache zaidi, hamngemfikisha,” akasema. Mutheu alishonwa, akapona, ingawa hadi leo vidole viwili vya mguu huo havina hisia. Hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo hunilemea.

Sasa mimi ni mwalimu. Shuleni kwetu kila mmoja ana simu, na bodaboda hufika kabla hujamaliza kuita. Muhula uliopita, kwenye mkutano wa walimu, niliuliza ni nani kati yetu anayejua kuzuia damu. Mmoja akacheka kidogo, akasema, “Si tutapiga simu tu?” Jumatatu iliyofuata niliwaita wote uwanjani, nikalala chini na kuwaambia, “Haya, damu inanitoka. Anzeni.”