Mpira wa Deo na Vidole vya Mwanahawa

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nasema hivyo na sirudi nyuma. Mtu aliyeanza maisha na tenga la kabichi kichwani, na leo ana maduka mawili ya vifaa vya ujenzi na Fuso inayolala ndani ya geti lake mwenyewe, na shule yake ni darasa la saba la kuungaunga, mtu huyo ameshaona ya kuona. Kwa hiyo juzi, vijana wa kijiwe cha kahawa pale Mwembesongo walipokuwa wanabishana kama mcheza gemu ni mwanamichezo au ni mvivu aliyepata jina zuri, mimi nilikunywa kahawa yangu taratibu.

"Mwanamichezo gani anacheza amekaa?" mmoja akasema. "Basi hata karani wa mahakama ni mwanamichezo."

Wakacheka. Nikawaambia, chekeni tu, ninyi mnabishana, mimi nimeshafundisha. Mimi ndiye kocha wa kwanza wa gemu Tanzania nzima, na kama yuko aliyenitangulia, ajitokeze.

Enzi zetu bwana, sisi tuliozaliwa wakati wa foleni ya sukari tukabalehe wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa, tuliona dunia ikibadilika dukani. Jana rafu ina viberiti na chumvi ya mawe, leo ina sabuni inayonukia matunda, bigijii za kutafuna zenye picha ndani, na raba za mtumba ambazo ukibahatika zinafanana rangi. Mimi nilishuka kutoka Mgeta juu ya lori la mboga, nimelala kati ya karoti na kabichi, kuja kusomea mjini kwa mama mdogo. Ndiyo maana watoto wa mtaa waliniita Kabichi. Sikuudhika. Kabichi imenijengea nyumba.

Kule milimani mtoto hafundishwi mazoezi. Anabebeshwa. Asubuhi ukungu haujaondoka, unapewa tenga, unateremka kijia chembamba kama mkanda hadi barabarani lori liliposimama, na ukijikwaa unavuna kabichi mara ya pili, safari hii kutoka mtoni. Mama yangu alikuwa na neno moja tu: "Usitazame mguu wako. Mguu unajua kazi yake. Tazama jiwe la tatu." Maana yake, jiwe unalokanyaga sasa limeshapita, la pili mwili umeshalikubali, wewe peleka jicho kwenye la tatu. Nilimsikiliza, na sikuwahi kuangusha tenga. Hata moja. Waulizeni Mgeta.

Sasa mjini, mbio zote zilikuwa zangu. Kombolela, mimi. Chandimu, mimi namba tisa na kelele zangu. Mpira wetu ulikuwa wa makaratasi na soksi, tumeufunga kwa kamba za katani mpaka ukipigwa nao unakumbuka mpaka Jumapili. Tulikula mihogo ya kukaanga na pilipili, tukanyonya barafu za mfuko, tukarudi nyumbani na magoti mekundu kama udongo wenyewe, na mama mdogo akatupokea mlangoni: "Hao miguu wamekuja. Na watu wako wapi?"

Mpira wa kweli, mpira wa ngozi, ulikuwa mmoja tu mtaani kwetu, nao ulikuwa wa Deo. Baba yake alikuwa bwana mkubwa wa ofisini na safari za Dar. Nanyi wa rika langu mnaijua sheria, haikuandikwa popote na hakuna aliyethubutu kuivunja: mwenye mpira ndiye mwenye mechi. Deo alichagua timu. Deo alipiga penalti zote. Deo hakuotea. Na Deo akifungwa mabao mawili, anaweka mpira kwapani, anasema, "Mama ananiita," anaondoka. Watu ishirini wanabaki wanaangaliana kwenye vumbi kama kuku waliozuiwa pumba. Mara ngapi nimefunga bao zuri la maisha yangu, likafutwa na mama wa Deo ambaye hakumwita mtu!

Katika ruksa hiyohiyo, kaka mmoja mtaani, Rama, akaja na televisheni na mashine ya gemu kutoka Kariakoo. Akafunga turubai, akaweka mabenchi, ukitoa sarafu unacheza. Mashine ilikuwa na nyaya mbili, na mwisho wa kila waya kidude cha vitufe tulichokiita pedi. Mimi nilicheza mara moja, mchezo wa mpira, nikafungwa mpaka Rama akanionea huruma. Nikasema huu si mchezo, huu ni ugonjwa wa vidole, nikarudi uwanjani.

Lakini nyumbani mwetu kulikuwa na Mwanahawa, binti wa mama mdogo, mwembamba kama ufito. Kwenye rede alikuwa wa kwanza kutolewa. Ndoo ya maji aliifikisha nyumbani ikiwa nusu, nusu nyingine mgongoni mwake. Mama yake alimtuma auze karanga kwenye banda la Rama, na mteja asipokuwepo Rama alimwachia pedi. Mwezi haukuisha, hakukuwa na mvulana Mwembesongo wa kumfunga Mwanahawa. Mimi nikamwambia, "Hawa, hongera, wewe ni bingwa wa kukaa." Naye akanijibu bila kugeuka, "Na wewe bingwa wa kufunga mabao yanayofutwa."

Liliniingia.

Deo naye alikuwa na mashine kama ile nyumbani kwao, ndani kabisa, kwenye zulia. Siku moja akaja bandani na mpira wake kwapani, akasikia watu wanamsifu Hawa, akacheka. "Yule muuza karanga? Akinifunga, mpira huu nawapa." Rama akamshika maneno mbele ya umati. Jumamosi ijayo, mchana, atakayetangulia kushinda mechi tatu. Hawa akishinda, mpira unabaki mtaani. Deo akishinda, Hawa hashiki tena pedi kwa Rama, na sisi wote tunamwita Deo kapteni mpaka tuote ndevu.

Mechi moja Hawa alikuwa moto wa kuotea mbali, mechi mbili pia. Lakini nilipomkalisha tufanye majaribio marefu, nikaona kitu. Mechi ya tatu anainua mabega. Ya nne vidole gumba vinakakamaa, jasho linateleza kwenye pedi, anafungwa na vitoto. Nikamwekea mkono mgongoni nimtulize, nikasikia moyo wake. Ndugu zangu, moyo wa yule binti, aliyekaa kwenye benchi, hajanyanyua hata sinia la karanga, ulikuwa unapiga kama wa mtu anayepanda Mgeta na mzigo! Na pumzi ameibana.

Hapo ndipo darasa la saba langu lilipowapita maprofesa. Nikajua palepale: mwili hauchoki kwa sababu ya kukimbia. Mwili unachoka kwa sababu ya kutaka. Yule anayekimbia na huyu aliyekaa wanataka kitu kilekile, na moyo hauna macho ya kuona kama miguu inatembea. Basi nikaanza kazi.

Alfajiri nilimwamsha tukapanda hadi vilima vya chini ya Uluguru, mimi mbele, yeye nyuma ananitukana kwa adabu. "Kaka Kabichi, pedi haina miguu!" Namjibu, "Ina mapafu. Panda." Vidole gumba nilivitibu kwa mahindi. Mnaokumbuka kupukuchua mahindi makavu kwa mkono mnajua yanavyotafuna kidole. Gunia zima lilipukuchuliwa. Mama mdogo akasimama mlangoni, mikono kiunoni: "Mahindi yamekwisha na sijampigia mtu kelele? Humu ndani kuna shari inapikwa." Na pumzi nikamfundisha ya wabeba mzigo: unatoa unapokanyaga, hubani, maana mwenye kubana pumzi huanguka na tenga lake.

La mwisho nikampa la mama yangu. Nilimwona anaukodolea macho mpira wa kwenye kioo, unakokwenda naye yumo. Nikamwambia, "Hawa, usitazame mguu. Mguu unajua kazi yake. Tazama jiwe la tatu."

Akafikiri. Akasema, "Mawe hayapo kwenye televisheni."

"Yapo. Ni pale ambapo hakuna mtu bado."

Jumamosi ile banda lilijaa mpaka turubai likavimba. Waliokosa nafasi walichungulia kwenye matundu, mwenye tundu anawatangazia wenzake. Deo alikuja amevaa raba nyeupe na chupa ya soda, mpira akauweka chini ya benchi lake, akaukanyagia kisigino. Hawa alikuja na gauni la kushindia na vidole vilivyoota sugu za mahindi.

Mechi ya kwanza Deo. Ya pili Deo tena. Jamani, Deo alikuwa anajua, simnyimi haki yake. Rafiki zake wakaanza kuimba kapteni, kapteni. Nikainama sikioni kwa Hawa, sikumwambia kitu cha gemu. Nilimwambia, "Pumua, unateremka." Mabega yakashuka. Mechi ya tatu akachukua. Ya nne akachukua, na hapo nikaona Deo anakung'uta mkono, anapangusa kiganja kwenye kaptula, anakunywa soda ambayo imeshakwisha. Raba nyeupe, zulia, soda, na kidole gumba hakijawahi kupukuchua hata bunzi moja la mahindi!

Akaweka pedi chini. Akaingiza mkono chini ya benchi, akauvuta mpira, akauweka kwapani kama siku zote. "Tutamalizia kesho," akasema. "Mama ananiita."

Ile sheria yetu, mnaielewa, ilikuwa bado na nguvu. Hata mimi mguu wangu ulisogea kumpisha. Ni Mwanahawa, ambaye hajawahi kupewa hata nafasi ya kuokota mpira huo ukitoka nje, ndiye aliyesema, macho yake kwenye kioo, "Deo, kaa. Mama yako nimepishana naye sokoni, anapima mchele."

Kicheko kilichotoka pale kilimkalisha Deo chini chenyewe.

Mechi ya tano ilikuwa sare mpaka tunauma kucha. Wachezaji wote wa Deo waliufuata mpira. Hawa akaupiga mahali patupu, patupu kabisa, tukaguna kwa uchungu, na yule kijitu wake akatokea palepale kama aliyeitwa. Bao. Filimbi ya kwenye mashine ikalia. Sikumbuki nani alinibeba na nani nilimbeba. Nakumbuka turubai la Rama lilianguka na yeye mwenyewe alikuwa anacheza ngoma juu yake.

Jioni ile hatukuupiga ule mpira. Tuliunusa. Unanukia ngozi na vumbi na, sijui niseme vipi, unanukia bao ambalo halitafutwa. Tukaanza kugombana ulale kwa nani. Mimi kama kocha nikajitanguliza. Hawa akasema, "Hautakuwa na mwenyewe. Utalala kila nyumba kwa zamu, na asubuhi utoke." Kesho yake Deo alisimama pembeni ya uwanja, mikono mitupu, kwapani hajui aweke nini. Tukamtazama Hawa. "Deo, ingia," akasema. "Ila penalti utapanga foleni." Aliingia, akacheza mpaka giza, na kumbe akisahau kuitwa na mama yake ni winga hatari.

Leo Mwanahawa anaendesha winchi ya makontena bandarini Dar. Amekaa juu kule kwenye kiti, mikono miwili, vitufe na vishikio, chuma kizito kinatua taratibu kama kifaranga. Ukimuuliza siri atakwambia jiwe la tatu. Sasa nani atanieleza kwamba aliyekaa hafanyi kazi ya mwili?

Watoto wa siku hizi wana bahati na hawajui. Simu moja ina michezo kuliko banda la Rama na soko zima la Kariakoo, lakini mpandishe kilima kidogo tu, anatafuta bodaboda. Mwanangu wa mwisho, Frenki, ni hodari wa gemu kweli, anashindana na vijana wa Dar kwa mtandao, na mimi baba yake namtoa alfajiri kupanda mlima. Ananung'unika maneno yaleyale ya shangazi yake, "Baba, pedi haina miguu." Nafurahi moyoni. Ila wiki iliyopita alikuja kijana wa jirani kucheza naye sebuleni kwangu, akamfunga Frenki mabao mawili. Frenki akazima mashine, akachomoa pedi zote mbili, akaingia nazo chumbani. "Baba ananiita," akasema. Na mimi nipo palepale kwenye kochi, sijamwita mtu!

Basi nakiri: hilo lilinishangaza. Nilimwona Deo na kwapa lake ndani ya nyumba yangu, na damu ni yangu. Zamani tulikuwa na mpira mmoja tukafanya uwe wa wote. Siku hizi kila mtoto na wake, na kila mmoja anaitwa na mama yake. Sikumpiga, sikumkemea. Nilitoka na Fuso nikarudi na mashine nyingine mpya, televisheni na pedi nne, nikavifunga kwenye baraza la duka langu, chini ya bati, mabenchi mawili mbele yake. Haina mwenyewe. Mtoto yeyote wa Mwembesongo anacheza, sharti moja tu, apitie nyuma ya duka kwanza apukuchue bunzi moja. Frenki anapanga foleni kama wengine, na jana amefungwa tena mabao mawili, akabaki amekaa, akapumua, akarudisha matatu. Kelele zilizotoka pale nilizisikia mara ya mwisho chini ya turubai la Rama, na zilinigharimu, pamoja na mabenchi na gunia la mahindi, shilingi milioni mbili, laki moja na elfu sabini na tano.