Bi Mwanasiti na Ghala la Mabati

Leo ni Ijumaa, mwezi wa tatu tangu niondoke Kitui.

Jamani, leo nimekosa pa kuuweka uso wangu.

Hapa Kinango mimi na mafundi wenzangu tumemaliza ghala la mabati, lile la mviringo la kufungwa kipande kwa kipande. Tangu tuanze, jirani yetu Bi Mwanasiti ametupa maji yake ya kunywa, na anayateka mbali.

Asubuhi amekuja na mtungi mtupu.

"Hongereni, wanangu. Bomba liko wapi?"



Nikamwambia, "Bibi, hili si tangi. Ni la mahindi."

Akaligonga kwa kidole. "Mahindi gani, na mvua yenyewe hakuna?"

Adhuhuri akatuletea maji vilevile.

Niliahidi kufika nyumbani Jumapili hii. Nisubirini Jumapili ijayo. Hii nitakwenda kumtekea Bibi maji.