Kwaya Yetu Chini ya Sakafu

Kanisa letu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, lina kwaya ya kina mama wenye sauti za kuamsha wafu, lakini halina pa kuiweka. Kina mama huimba wamesimama mlangoni, na mvua ikija huwapiga migongoni huku wakisifu. Wakaomba wajengewe balkoni ndani, juu ya mlango. Wazee wa kanisa wakasema leteni mchoro Jumapili baada ya ibada. Ukitupendeza tutajenga, usipotupendeza, kwaya ibaki mlangoni na maneno hayo yaishe.

Wachoraji tulikuwa wawili: mimi, mtu wa Bukavu, na rafiki yangu Mrundi mwenye ofisi ndogo ya michoro Area 47, kule Lilongwe. Tukagawana. Yeye achore ukumbi, mimi balkoni. Ijumaa nikaenda kwake tuunganishe kazi zetu kwenye kompyuta. Ukumbi ukatokea, mzuri kweli. Balkoni je? Ilikuwa chini ya sakafu, ndani ya udongo, pamoja na viti na vile vijitu nilivyoviweka vionekane vinaimba.

"Kompyuta yako inaumwa," nikamwambia, maana mimi si mtu wa kukosea hivi hivi. Nikavuta viti na waimbaji kwa mkono hadi juu ya mlango. Wakapanda. Sakafu yao ikakataa, ikabaki udongoni, na kina mama wakawa wanaelea hewani.

Rafiki yangu ni mchokozi wa kuzaliwa. Alikuwa ameshamtumia kiongozi wa kwaya picha ile ya kwanza. Simu yake ikalia papo hapo, nikaipokea mimi.

"Weye mutoto! Munatuzika na tungali tunaimba? Bazee bakiona hii, njo basi, tutazeekea ku mulango!"

"Hapana, mama, tunatengeneza."

"Mutengeneze mbio!"

Hapo nikaogopa kweli. Rafiki yangu akaacha kucheka, akaniuliza, "Sifuri yako, pale unapoanzia kupima, umeiweka wapi?"

"Barabarani. Sifuri inakaa wapi tena?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Ikabidi nimweleze. Bukavu ni mji wa miteremko. Kwetu unaingia nyumbani kutoka barabarani, kisha unashuka ngazi kwenda kulala. Basi faili ninalolianzia kila mchoro hupima kutoka barabarani kwenda chini: sakafu ya kwanza mita tatu chini, ya pili sita. Sikuwahi kulibadilisha. Balkoni nilikuwa nimeiweka kwenye sakafu ya kwanza, na kompyuta ikatii, ikaishusha mita tatu.

"Bwana, Dzaleka kuna mteremko gani?" akauliza, na machozi ya kicheko yakamtoka.

Nilikasirika. Halafu nikaikumbuka nyumba ya kwetu, na mama akiniita kutoka chini nishuke kula, moyo ukaniuma. Miaka yote hii niko Malawi, na michoro yangu bado inashuka kwenda kulala Bukavu.

Nikafuta alama ya kutoa iliyokuwa mbele ya ile tatu. Balkoni ikapanda yote, ikakaa juu ya mlango kama inavyotakiwa. Ila waimbaji niliokuwa nimewavuta kwa mkono wakapanda nayo tena pamoja na viti vyao, wakatoboa paa.

"Wamenyakuliwa!" akasema rafiki yangu. "Amebaki mchungaji peke yake."

Tukawashusha mmoja mmoja.

Jumapili wazee wakaikodolea macho kompyuta tuliyowaletea. Kila kitu kilikuwa mahali pake, nami nikaanza kupumua. Ndipo mzee mmoja, ambaye tangu mwanzo hakuitaka hiyo balkoni, akakohoa na kuweka kidole kwenye ngazi.

"Ni ndefu. Bamama hawa biko na magoti mabaya. Bataipanda namna gani? Afadhali babaki chini."

Wenzake wakaanza kuitikia kwa vichwa.

Kiongozi wa kwaya akasimama. "Papa, mi nilitoka Bukavu na mutoto ku mugongo. Nilipanda milima yote mpaka huku, na hakuna mutu aliniuliza magoti. Leo njo munayaonea huruma?"

Yule mzee akavua kofia, akaivaa tena, akainua mkono kukubali, na wenzake wakamfuata.

"Sasa tuanze kufyatua matofali siku gani?" akauliza kwa sauti ndogo.

Kiongozi wa kwaya alikuwa ameshavua viatu vyake vya Jumapili, tayari kukanyaga udongo.