Bibi Aliyejibu Ndiyo kwa Kila Swali

Juzi, kwenye baraza ya fundi cherehani hapa Tabora, nilimkuta kijana wa Chuo Kikuu anayesomea udaktari wa historia, si wa dawa, akijifunza kuhoji wazee, mbele yake bibi mmoja mkongwe. Mwalimu wake alikaa pembeni akimtahini. Kijana akishindwa, haruhusiwi kwenda vijijini kufanya utafiti wake.

"Bibi, baba yako alikuwa mpagazi wa misafara?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Alifika Bagamoyo?"

"Ndiyo."

"Au aliishia njiani?"

"Ndiyo, baba."

Jasho likamtoka kijana. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka. Bibi akamwonea huruma. "Haya, na wewe ni wa nani?"

Kijana akaweka kalamu chini. "Mimi wa Kigwa, bibi. Babu yangu alibeba pembe za ndovu mpaka pwani."

Bibi akampiga kofi pajani. "Mjukuu wa mpagazi! Mbona unanihoji kama karani wa kodi? Baba hakufika Bagamoyo. Alitupa mzigo porini akatoroka!"

Adhana ya adhuhuri ilitukuta bado anasimulia. Mwalimu akampa kijana mkono: amefaulu. Alhamdulillahi, nilishusha pumzi kama mtahiniwa mwenyewe. Lakini jamani, nani amwambie mtu asiyemjua kwamba baba yake mwenyewe alikuwa mtoro?