Uwanja Uliolimwa Matuta

Kabla ya vita, siku ya kawaida kwetu ilikuwa kulala chali kando ya uwanja wa ndege wa Sumbawanga, tukitafuna mahindi ya kuchoma. Mimi na rafiki yangu Kasiani. Uwanja wenyewe ulikuwa nyasi na ng'ombe. Nilikuwa nimemaliza la saba na nilishajiona rubani.

"Rubani wa punda wewe!" Kasiani alinicheka.

Redio ikasema adui amevuka mpaka kule Kagera. Tulikuwa mgambo, tukapakiwa kwenye lori, tukaimba mpaka sauti zikakauka.

Vita sitavipamba. Tulitembea, tulinyeshewa. Siku moja tulikuwa tunakatiza shamba la migomba.

Kombora likaanguka.

Udongo ukanijaa mdomoni.

"Nipo," alisema Kasiani, kama mtu anayeitikia jina lake darasani. Paja lake lilikuwa limechanwa na kipande cha chuma. Mimi nilivunjika mkono.

Hospitali kule Mwanza ilifurika. Waliojiweza kidogo wakarudishwa mikoa ya kwao, na sisi tukapata nafasi kwenye ndege ndogo iliyokuwa inapeleka dawa Sumbawanga. Mimi ndani ya ndege! Nilifurahi, sikatai. Lakini huko angani kidonda cha Kasiani kikafumuka, damu ikalowesha machela. Nikajipa moyo: tukitua tu, hospitali si mbali.

Nikauona uwanja dirishani.

Ulikuwa umelimwa wote.

"Nani kalima hapa?" rubani alifoka. "Hawa watu wana akili gani?"

Baadaye nilielezwa. Agizo lilitoka ofisini: ondoeni nyasi, ndege ya majeruhi wenu inakuja. Bwana mkubwa aliyeagiza hakuwa mtu wa huku, wala hakurudi kuangalia. Sasa Mfipa humwambii aondoe nyasi halafu ukaenda zako! Kwetu nyasi hazitupwi. Unazikusanya, unazifunika udongo zioze, ulezi uje ule hapo. Ndivyo walivyofanya: matuta ya duara, intumba safi kabisa, mstari kwa mstari toka mwanzo wa uwanja hadi mwisho. Na wenyewe wamesimama pembeni na majembe yao, wanatupungia! Hadi leo nikikumbuka nashika kichwa.

Ndege ikazunguka. Ikazunguka tena.

"Tumefika?" Kasiani aliuliza. Hakuweza kuinua kichwa.

"Karibu."

Rubani akageuza kuelekea Mbeya.

Kasiani hakufika Mbeya.

Vita vilimjeruhi tu. Kilichommaliza ni mtu kutoa agizo bila kuuliza watu wa hapa wanalimaje.

Nilirudi naye kwa lori kupitia Laela, kwenye matope. Mama yake alinipokea kwetu Kizwite, kando ya uwanja.

"Mstari wa kwanza nililima mimi mwenyewe," aliniambia, "mwanangu atue pasafi. Mbona hamkutua?"

Nikamwambia ndege iliharibika. Watu wote wa pale walijua ni yale matuta, na wote walimficha.

Basi mwaka huu wakaja watu wa filamu, wanataka historia ya uwanja. Kiongozi wao akaniweka mbele ya kamera. "Tabasamu, ndugu. Tupe lile la matuta. Rubani alitusimulia, tulicheka sana!"

"Hilo liacheni."

"Kwa nini? Ni maendeleo hayo. Tulikotoka na tulikofika."

Nikamweleza habari za Mama Kasiani, kila kitu. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaahidi kuliacha. Nikamwamini! Mjinga mimi.

Gari la sinema lilipokuja, wakatundika shuka jeupe palepale uwanjani. Sauti nzito ikatangaza kwamba wananchi, kwa kutoelewa, waliugeuza uwanja kuwa shamba, na ndege ya majeruhi ikashindwa kutua. Wa mjini wakacheka, wengine wakipiga makofi. Wa Kizwite hawakucheka.

Mama Kasiani alikuwa ameketi kando yangu. Hakugeuka kunitazama.

"Kumbe haikuharibika."

"Hapana, mama. Nisamehe."

"Mwanangu alituona?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikashindwa. "Alikuwa amelala chali kwenye machela, mama. Mimi ndiye niliyewaona."

Kwenye shuka likapita greda, likapita na kundi la watu wanaoimba. Nikadhani hana tena neno na mimi.

"Mistari ilikuwa imenyooka?" akauliza.

"Ilinyooka, mama. Yote."