Tiki ya Kumi na Moja

Kokushubila wa Kipawa alikuwa na miaka sita katika kampuni kubwa ya kompyuta. Bima ya kampuni ilimtibia mama yake figo. Lakini kazi iligawanywa vipande vidogo mno, hata kosa likitokea halina mwenyewe.

Siku moja bosi wake, Fredrick, alimtaka athibitishe mfumo wa hospitali ambao hakuwa ameujaribu.

“Dada Koku, weka tiki tu. Wenzako kumi wameshaweka.”

“Wameujaribu?”

“Umekuwa polisi sasa? Cheo chako kinakungoja.”

“Basi kingoje, braza. Mie sithibitishi nisichokiona.”

Akavuta kiti, akaujaribu. Ukurasa wa tatu ukampa mgonjwa dawa za mwenzake. Cheo alipewa mtu mwingine, naye Kokushubila akaiandika taarifa ya kosa hilo kwa jina lake kamili.