Injini Iliyovuka Rusizi

Watu wa Kamembe, upande wa Rwanda wa mto Rusizi, walilicheka gari la Muhigirwa, na haki ya kucheka walikuwa nayo. Ilikuwa Starlet kuukuu, ile fupi ya mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, na mkulima wa mpunga kule Bugarama aliyemuuzia mwaka wa 1997 alikuwa akifugia kuku ndani yake. Kuku wakatoka, Muhigirwa akaingia.

Hakusomea ufundi. Alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto upande wa Kongo, mtaa wa Kadutu, na wazazi waliokimbia Rwanda zamani, na magari alijifunza kwa kuharibu ya watu. Hili lilikuwa lake, kwa hiyo aliliharibu kwa raha zake. Kioo cha nyuma hakikuwapo, akapigilia bati. Mawe ya njia ya Mibirizi yalikwaruza tumbo la gari, akakata mpira wa tairi la lori, akaupachika kwenye springi, gari likanyanyuka kama jogoo anayetaka kupigana. Kiti cha nyuma alikitupa, akaweka ubao unaokunjwa: asubuhi unabeba ndizi za Giheke, mchana unamlaza mama mjamzito kwenda hospitali. Alternata, ile inayochaji betri, ilikosa kishikio, akakata uma wa baiskeli ya marehemu baba yake, baiskeli ya kijani, akautoboa na kuukaza kwenye injini kwa bolti mbili. Usione vyaelea, bwana! Waliocheka ndio hao hao waliokuja kubisha hodi mtoto anapozidiwa na homa. Nyumba yake ilikula kupitia gari lile, na Umwali, bintiye mkubwa, alisoma kupitia gari lile.

Sasa nimtaje Bisimwa, ingawa ulimi wangu haupendi.

Bisimwa alikuwa Mushi, kabila la wenyeji wa Bukavu, mtu wa Kadutu, fundi magari, na yeye na Muhigirwa walikula sahani moja tangu utotoni. Oktoba 1996, wenye asili ya Rwanda waliposakwa Bukavu nyumba kwa nyumba, mke wa Muhigirwa, Béata, alikuwa ameshavuka na watoto kwenda Rwanda. Mwenyewe alibaki nyuma. Bisimwa akampandisha juu ya dari la nyumba yake, akamfungia humo, akawa anampelekea maji na viazi mpaka waasi waliosaidiwa na Rwanda walipouteka mji na njia ya daraja ikafunguka. Basi! Mtu akikufanyia hayo utamwitaje? Muhigirwa alimwita ndugu, na hakuna siku aliyovuka kwenda Bukavu asimwambie aksanti.

Mwanzoni mwa Juni 1998 Starlet ikaanza kunywa oili na kutoa moshi wa buluu. Silinda zilikuwa zimelika, na mashine ya kuzichonga ilikuwa Bukavu, karibu na gereji ya Bisimwa. Muhigirwa akaishusha injini mwenyewe uani, akaipakia kwenye mkokoteni.

"Papa Umwali," Béata akamwambia, "ugonge alama kwanza."

Mafundi wa huku hufanya hivyo: kifaa kikienda gereji ya mwingine, unagonga herufi zako kwa patasi, kisije kikabadilishwa. Muhigirwa alichukia kabisa.

"Alama? Kwa Bisimwa? Hiyo ni kumtukana."

Akavuka daraja na injini yake bila alama. Bisimwa akaipokea, akasema wiki mbili. Wiki mbili zikaisha, akatuma salamu kwamba foleni ya mashine ni ndefu. Zikaja salamu nyingine: pistoni hazijapatikana. Mwezi wa nane vita vikalipuka upya, na salamu za mwisho zikaja zikilia: askari wameingia gereji, wamebeba kila kitu, injini yako pia, ndugu yangu, pole.

Na Muhigirwa alifanya nini? Alimhurumia! Alisema mimi nimepoteza injini, yeye kapoteza gereji nzima. Akatafuta gunia la mchele wa Bugarama, akalituma Bukavu limfariji. Kisha akaiweka Starlet juu ya mawe, akaanza kusukuma ndizi za watu kwa baiskeli ya kukodi. Umwali akatolewa shule. Miaka miwili ilipita hivyo, na hakuna aliyemsikia Muhigirwa akimlaumu mtu.

Mwaka wa 2000, siku ya soko, likafika kwake gari jeupe kutoka Bukavu, Starlet pia, limechemka mpaka mvuke unapiga mluzi. Mwenye gari alikuwa Adrien, mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa njiani kwenda Ruhwa, mpakani mwa Burundi. Muhigirwa akafungua boneti, akapisha mvuke. Ulipotawanyika aliona uma wa baiskeli wa kijani.

Yesu na Maria! Akaushika. Akapapasa bolti zake mbili. Ndizo.

"Papa Adrien, hii moteri uliipata wapi?"

"Kwa Bisimwa wa Kadutu. Moteri ya nguvu sana."

"Uliinunua kisha vita kuanza?"

"Mbele ya vita, haijaanza bado. Mutoto wangu alikuwa anapata komunyo ya kwanza, mwezi wa sita. Juu ya nini unaniuliza?"

Mwezi wa sita. Yaani foleni haikuwapo, pistoni zilipatikana mapema, na askari, pamoja na dhambi zao zote, hii hawakuifanya. Muhigirwa akakaa chini hapo hapo kwenye vumbi. Angemfanya nini Adrien? Alinunua kwa nia njema. Akamwekea mkanda mpya, akajaza maji, akamwambia safari njema. Injini yake ikanguruma vizuri na kwenda zake Ruhwa.

Kesho yake alivuka daraja. Béata aliambiwa tu kwamba mumewe anakwenda kutafuta spea.

Alimkuta Bisimwa akila ugali na sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu.

"Karibu, ndugu, nawa mikono."

Muhigirwa hakunawa. "Moteri yangu nimeiona. Iko ndani ya gari ya Adrien."

Bisimwa akatafuna, akameza. Hakukana. Heri angekana!

"Nilikuomba kodi ya dari?" akauliza.

"Bisimwa..."

"Bantu balikuwa banakutafuta na mapanga. Bangekukuta, mimi, bibi yangu na batoto, sisi bote tungekufa. Leo unakuja kuniuliza moteri?"

"Ungeniomba. Ningekupa. Hata gari yote ningekupa."

"Eeh, ungenipa, kisha ungenishukuru. Kila unavuka, aksanti Bisimwa, Mungu akubariki Bisimwa. Bibi yangu angepika hizo aksanti? Nilichoka. Nikachukua. Sasa tumemalizana."

"Na muchele nilikutumia?"

"Ulikuwa muzuri," Bisimwa akasema, akachovya tonge.

Ngumi ilimjaa Muhigirwa mkononi, lakini utampigaje mtu aliyekupandishia maji darini wakati wengine wanakuwinda? Kilichomuuma si injini tena. Alikuwa ameamini kwamba kuna mtu mmoja duniani aliyemtaka aishi, hivi hivi, bila bei. Akatoka bila kuaga, akarudi kwa miguu mpaka Kamembe.

Jioni walikaa kula. Béata akafumba macho, akaomba kama alivyoomba kila jioni tangu 1996: akawaombea wagonjwa, akaomba amani, kisha, "Na Bisimwa, Mungu, aliyetufichia baba wa nyumba hii, umulinde yeye na batoto bake."

"Amina," wakasema watoto.

Muhigirwa hakuitikia; alivuta beseni, akanawa mikono. Béata akafumbua macho, akamtazama mumewe. Akampakulia maharage.

Jioni iliyofuata, alipofika mahali pa jina la Bisimwa, Béata aliliruka, akaomba mvua.